Waja leo waondoka leo, jamani sio kwa wanafunzi wa unesi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Barua yangu ni ndefu najijua, ukiona lazima ukate basi kata huku mwanzoni, kule katikati niachie maana ndo penye maneno.

Mie ni nesi mkunga mstaafu, mzaliwa wa Ngamiani hapa hapa Tanga, sasa hivi nakaa Makorora na kigenge changu cha mbogamboga na maandazi. Wiki mbili zilizopita nimepanda daladala naenda Raskazone kumuona mgonjwa, mbele yangu wamekaa mabinti wawili na yunifomu zao za unesi, wanaongea kama gari lao, mara nasikia "mwenzio si kadisko, yule Mmasai." Mwenzie akauliza yupi, akajibiwa "si yule alokuwa kimya kimya anakaa nyuma." Akasema aaah, wakahamia kwenye habari za kusuka. Basi ikaishia hapo. Mtoto wa watu katoka huko porini kwao, baba kauza ng'ombe kalipa ada, kasoma miezi yote ile, halafu kaondoka na mazungumzo yake ni "aaah" moja ndani ya daladala. Nikapitiliza kituo kwa mawazo.

Kwa msomaji asiyejua lugha za vyuoni, kudisko ni kuondolewa masomoni kwa kufeli, na kabla ya hapo kuna sapu yani mtihani wa marudio. Watu wakisikia fulani kadisko wanasema basi, kichwa kizito. Mie nimekaa wodini miaka 31, wanafunzi wananipitia kila mwaka kama mvua za vuli, na nawaambia wanaoondoka kwa sababu ya kichwa ni wachache mno. Mtu mpaka kafaulu Baiolojia na Kemia kidato cha nne kwenye shule ya kata ambayo maabara yenyewe ina vumbi tu, huyo kichwa anacho. Wanaondoka kwa vitu vidogo vidogo ambavyo wenzao kuna mtu aliwanong'oneza na wao hawakunong'onezwa na mtu.

Na wanaokosa wa kuwanong'oneza ni wale ambao darasani yuko mmoja peke yake wa aina yake, wakizidi sana wawili. Mmasai wa Handeni au Kilindi. Mmbugu wa kule milimani Lushoto, maana watu wanadhani Lushoto ni Wasambaa tu. Mtoto mwenye ualbino. Mvulana kwenye masomo ya ukunga, huyu nae ana yake ntayasema. Najua kuna msomaji ashaanza kuguna kwamba huyu bibi analeta ukabila. Hapana, mwanangu. Mie nimelelewa na nchi ambayo shuleni ukiulizwa kabila lako unashangaa, na ninajivunia, ila darasani kuna watoto 60 na watoto 57 wana shangazi mjini, wana kaka aliyepita chuo hicho hicho, wana jirani nesi wa kumuazima saa ya kifuani, na hao watatu hawana, na ukiwatendea sawasawa wote unakuwa umewapendelea wale 57. Hesabu yenyewe ndo hiyo.

Ngoja niseme la kwangu, na hapa najisema mwenyewe kabla sijamsema mtu. Hospitali siitaji jina na chuo sikitaji jina.

Nilikuwa inchaji wa wodi ya upasuaji. Likaja kundi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa klinikali, yani mafunzo ya vitendo wodini, ya wiki sita, na kati yao binti mmoja wa Kimaasai kutoka Kilindi, huko mbele ya Songe. Wenzake walikuwa wanamwita Yeyo, yani mama kwa Kimaasai, kwa utani, na sisi wakubwa wazima tukafuata, mpaka leo nikitaka kukumbuka jina lake la kwenye rejista linanijia Yeyo kwanza na naona aibu.

Sasa hospitali yetu ilikuwa haikosi mgonjwa wa Kimaasai. Mara mzee kapigwa pembe na ng'ombe, mara mtoto kaungua, mara mama kaletwa na uzazi umekwama siku ya pili, na bibi mwingine hajui Kiswahili hata cha kuomba maji. Basi wodi zote zikajua kuna binti anaongea Kimaasai. Simu ikilia kwangu najua, "tupeni yule binti." Leba wanamtaka, watoto wanamtaka, kliniki ya macho wanamtaka. Na mie mwenyewe nimemtuma sijui mara ngapi, "hebu kimbia mapokezi mara moja kuna mzee haelewani na daktari," anakwenda, mara moja yenyewe inakuwa masaa matatu, anarudi saa saba dresingi zimekwisha, wenzake wamefunga vidonda vitano vitano yeye hajagusa hata koleo. Tukawa tunamsifia sana. Tunamwambia we binti ni msaada mkubwa hapa. Hatudanganyi, alikuwa msaada kweli.

Ijumaa ya mwisho nimekaa mezani nasaini logibuku, yani daftari la kuhesabia kazi alizofanya mwanafunzi wodini, wanafunzi wamepanga foleni. Logibuku ya mwanafunzi ikishakaa wodini wiki sita inajulikana, imevimba, ina madoa ya iodini, kurasa zimejikunja na jalada limetoka. Ya kwake ilikuwa safi. Nyeupe kama imetoka stesheneri asubuhi ile. Nafungua ukurasa wa dresingi, zinatakiwa kumi, kuna mbili. Katheta, ule mpira wa mkojo, hamna. Kanula, ile ya mshipani ya kuwekea dripu, moja, tena imesainiwa wodi nyingine. Nikamwuliza kwa ukali, maana na mie uchovu, "we wiki sita zote ulikuwa wapi?" Akainamisha kichwa, akasema, "Sista, nilikuwa natafsiri."

Wala hakulalamika. Alisema vile mtu anavyokujibu ukimwuliza saa ngapi. Na kwenye logibuku hamna kipengele cha kutafsiri, nikaitafuta hata sehemu ya kuandika pembeni, hamna.

Kibaya zaidi ni kwamba kabla ya hapo nilishajaza fomu yake ya tathmini, na niliandika kwa mkono wangu huu "hajitumi, hana ushirikiano." Kwanini niliandika vile? Kwa sababu asubuhi tukizunguka vitandani na daktari yeye anasimama nyuma kabisa, macho chini, ukimuuliza swali anajibu kwa sauti ya chini. Miaka baadae nimekwenda kwenye zoezi la chanjo upande wa Handeni ndo nikaona watoto wa Kimaasai wanavyosalimia wazee. Anakuja mbele yako anainamisha kichwa anangoja, wewe mkubwa ndo unamgusa utosini, ndo heshima yenyewe hiyo. Mtoto hamvamii mkubwa kwa maneno. Sasa mtoto aliyekuzwa hivyo uje umtegemee awasukume wenzie kitandani aseme sista niachie mie niweke kanula! Wakati huku kwetu mtoto wa Ngamiani anaingia wodini na "shikamoo mama, leo mtandio huo umekutoa," ushacheka, na ukishacheka kanula ushampa. Sisemi wa kwetu wana kosa, ndo malezi ya pwani, mdomo tumepewa. Ila wodini mwenye mdomo ndo anaepata mikono, na tukijaza fomu tunaandika mdomo kama bidii.

Basi yule binti tathmini mbaya, logibuku nusu tupu, akapata sapu. Sapu sio mwisho wa dunia, manesi wengi mnaowaona wamevaa nyeupe hapo Tanga walishapata sapu hata kama hawasemi (mie nilipata mbili, na moja ni ya somo ambalo baadae nilifundisha wenzangu). Akaenda kwao likizo na tarehe kaandika kwenye daftari. Chuo kikabadilisha tarehe, kikairudisha nyuma siku nne, tangazo likawekwa kwenye grupu la WhatsApp la darasa. Yeye simu yake ilikuwa kiswaswadu. Na hata angekuwa na simu kubwa, kule kwao mtandao mpaka upande kilima. Akapanda basi la alfajiri Songe na begi lake, kafika chuoni kwa tarehe yake ya kwenye daftari, mtihani wenzake walishafanya. Kwenda ofisini akaambiwa tangazo lilitoka. Akadisko.

Darasa zima lilikuwa na ile tarehe na hamna hata mmoja aliyempigia. Nilimuuliza mmojawapo baadae, binti mzuri tu mwenye roho nzuri, akanambia "sista mimi nilijua yule wa kitanda cha jirani atampigia," na wa kitanda cha jirani nae alijua kiranja atampigia. Kila mtu alikuwa na uhakika kuna mwingine.

Hapa ndo nataka kuelewana na wenye vyuo. Siku hizi neno ni mentashipu, kila kwenye semina utasikia mentashipu, menta, wanafunzi wapatiwe menta. Sisi watu wa pwani kitu hiki tunacho tangu na tangu na jina lake ni somo. Msichana akivunja ungo anapewa somo wake, mtu mmoja, anajulikana ni nani, na wala sio mama yake. Somo hahutubii. Somo anakuweka ndani anakwambia yale ambayo mama anaona haya kukwambia, na ukiolewa ukikorofishana na mumeo unarudi kwa somo, na ukizaa somo anakuja, na ukiharibu kitu watu wanauliza "kwani huyu somo wake nani?" Nyie wa siku hizi mnacheka ila liangalieni hilo swali. Yule binti wa Kilindi alipodisko, hakuna mtu hata mmoja pale chuoni au hospitalini aliyeulizwa somo wake nani. Hakuwa nae, kwa hiyo hakuna aliyeharibu.

Vyuo vitanijibu mbona tunafanya. Ndio mnafanya, mnafanya siku ya kwanza ukumbini, mwanafunzi anapewa soda na anasikiliza hotuba za watu sita ambao hatawaona tena mpaka mahafali. Mnafanya tarehe 12 Mei siku ya wauguzi, mishumaa, kiapo, picha. Na mkufunzi wa klinikali yupo, kwenye karatasi yupo, mmoja kwa wanafunzi thelathini na zaidi, nae maskini ana vipindi darasani na anaishi mbali. Mtu wa thelathini ni sawa na kiranja, kila mtu anajua kuna mwingine.

Nina mpwa wangu yuko Marekani anafanya kazi ya unesi, tulikuwa tunaongea kwenye simu haya haya, akanambia shangazi hata huku ni kilio kile kile, wanafunzi weusi na Walatino na wenyeji wa asili wanaingia vyuo vya unesi na wanavuja njiani, na huko nako dawa wanayoitaja ni kumpatia kila mmoja mtu wake. Akanipa kisa cha nesi wao mweusi wa kwanza aliyesomea akahitimu, Mary Eliza Mahoney. Mwaka 1878 aliingia kwenye shule ya unesi ya hospitali moja ya akina mama na watoto kule Boston, waliingia zaidi ya 40, kozi ilikuwa ya miezi 16, na mwaka 1879 waliomaliza hawakufika watano. Yeye akiwa mmojawapo. Watu wakisimulia kisa hiki wanasifia moyo wake wa chuma, sawa, lakini mpwa wangu alivyoendelea nikamwambia rudia hapo hapo. Kumbe yule mama kabla hajakubaliwa kuwa mwanafunzi alishafanya kazi kwenye hospitali ile ile kama miaka 15, anapika, anafua, anasafisha. Kaingia darasani ana miaka 33. Sasa niambieni, nani alikuwa anaijua nyumba ile kuliko yeye? Mie nasema hiyo miaka 15 ndo ilikuwa somo wake. Alijua sista gani mkali asubuhi na mpole jioni, alijua kitu gani kinakaa kabati gani, tangazo likitoka linatokea wapi. Ni bei kubwa mno lakini, miaka 15 ya kufua mashuka ili ujue yale ambayo mtu angekuambia kwa mwezi mmoja! Na baada ya hapo mwaka 1908 manesi weusi wa huko wakaanzisha chama chao wenyewe, maana majimbo ya kusini vyama vya manesi vilikuwa haviwapokei, wakashikana mikono mpaka 1951 walipoingia kwenye chama kikubwa. Hakuna aliyewangoja wapendwe kwanza.

Mwaka mmoja na kitu baada ya Yeyo akaja mvulana, nae Mmasai, wa upande wa Handeni. Safari hii nikasema huyu wangu. Sikuambiwa na mtu, sikulipwa, nilikwenda kwa mkufunzi wao nikamwambia huyu kijana akipotea mniulize mie.

Na mwanzo niliharibu. Nilimkalisha nikampa mahubiri nusu saa, nidhamu, bidii, unesi ni wito, yeye "sawa sista," wiki ya pili tena "sawa sista," wiki ya tatu nikagundua huyu nikimwambia nyumba inaungua atasema sawa sista. Nikaacha mahubiri. Nikawa na maswali matatu tu kila Jumatano saa nane kabla ya kubadilishana zamu. Umekula nini leo, lete logibuku, na chuoni kuna tangazo gani. La kwanza lilinifundisha mengi kuliko nilivyotegemea, maana kijana alikuwa anakula mara moja kwa siku ili abakishe nauli, na mtu mwenye njaa ukimpa hesabu ya matone ya dripu atakosea tu sio kwamba hajui. La pili lilinionesha ni wodi gani wanamfanya mkalimani. La tatu nilikuwa sitegemei jibu lake, nilikuwa namuuliza afu nampigia mtu wa darasa lao kuhakiki, na mara moja niliokoa sapu kwa namna hiyo hiyo.

Kuhusu ukalimani tukaweka sheria na matroni, mkuu wa manesi, alinuna kidogo kisha akakubali. Wodi yoyote ikimwita kutafsiri imwachie afanye prosija moja, yani kazi moja ya kwenye logibuku, hapo hapo kwa mgonjwa huyo, mwenye wodi asimamie na asaini. Ukitaka mdomo wake, mpe na mikono yake kazi. Na jambo la ajabu, wagonjwa wenyewe walifurahi zaidi, maana bibi wa Kimaasai kuwekwa kanula na mtu anaemwelekeza kwa lugha yake ni tofauti na kushikwa mkono na watu wawili wanaoongea juu ya kichwa chake. Mwisho wa klinikali logibuku yake ilikuwa imevimba ile ya kawaida.

Leba ndo kulikuwa kipengele. Wavulana wote wanaosoma ukunga huku kwetu wanalijua hili, hesabu ya kuzalisha inawagomea kwa sababu mama wa Tanga akimuona kijana wa kiume mlangoni anafunika uso. Kuna mama mmoja nilimwomba, nikamwambia nipo hapa na huyu kijana ni mwanafunzi atasaidia, akanijibu "dada, heri nijizalishe." Sikumlazimisha, ni haki yake. Saa tisa usiku uchungu umekolea, mwanafunzi mwingine kalala kasimama, kijana wetu amekaa nae tangu saa nne anamsugua mgongo kwa mbali mbali kwa adabu zote, mama akafungua jicho moja akasema "huyu huyu, huyu huyu anatosha." Alizaa salama, mtoto wa kike. Huo ukurasa nilisaini kwa mbwembwe.

Siku moja tumekaa nikamuuliza, kwenu kijana akiwa moran, yani shujaa wa Kimaasai, nani anamfunza kuwa mtu mzima. Akanieleza habari za olpiron, kwamba kila rika lina wazee wake wa kulisimamia, na wazee hao wanatoka rika la pili kwenda juu, sio lile linalofuatana nalo. Nikauliza kwanini wanaruka moja. Akacheka, akasema hao wa juu yetu moja kwa moja ndo tunaogombana nao, wanatuonea wivu na sisi tunawataka watoke. Mhariri, nilinyamaza. Maana vyuoni tunafanya kinyume, wa mwaka wa kwanza tunamkabidhi kwa wa mwaka wa pili, na wa mwaka wa pili ndo huyo huyo anaempa jina la Yeyo, anaemtuma chai, anaemtisha na habari za mitihani ili na yeye ajione mkubwa. Wamasai wamelijua hilo kabla ya semina zote. Mpeni wa mwaka wa tatu, au bora zaidi nesi aliyeko kazini mwenye leseni yake ya Baraza la Uuguzi na Ukunga mfukoni, ambae hagombanii kitu na mtoto yule.

Kijana alipata sapu mbili kwenye safari yake, sitaki mdhani mie ni mganga. Alimaliza. Sasa yuko zahanati huko huko Handeni, na akinipigia sio kunishukuru, ananipigia saa mbaya kuniuliza mambo ya magnesiamu mama kapata kifafa cha mimba na ambulensi iko njiani, nakaa nae kwenye simu mpaka gari ifike.

Sasa nawajua manesi wenzangu mlioko kazini, mnasoma hapa mnasema bibi huyu anatuongezea mzigo, usiku niko peke yangu wodi nzima imejaa mpaka chini, niwe na mtoto wa kumlea saa ngapi. Mna haki. Hata mie yule kijana nilimuweza kwa sababu nilikuwa inchaji naingia asubuhi, ningekuwa wa zamu ingekufa wiki ya pili. Ndo maana nasema jambo hili likiachwa kwa wenye huruma halifiki popote, huruma nayo ina ratiba. Iandikwe kwenye rosta. Masaa mawili kwa wiki, jina la nesi, jina la mwanafunzi, na masaa hayo yahesabiwe ni kazi kama dresingi ilivyo kazi. Matroni akipanga zamu asimpe nesi huyo usiku wiki nzima mwanafunzi akiwa mchana. Ni kalamu tu na karatasi ile ile iliyobandikwa ukutani.

Na msingoje Mmasai kwa Mmasai. Nimesikia sehemu wanasema tutafute nesi wa kabila lake ndo awe menta wake. Akiwepo vizuri, ila mara nyingi yuko mmoja, na huyo mmoja mkimbebesha wanafunzi wote wa kwao mtakuwa mmemfanya mkalimani mara ya pili. Mie Mdigo, Kimaasai najua salamu tu na nazo ananicheka.

Wenye ualbino nao mambo yao hayahitaji hotuba. Nilimuona binti mmoja wodini anakosea BP, yani kipimo cha presha, kila siku, wanamcheka, kumbe mashine ya mshale haoni vile vistari. Alipopewa ya tarakimu akawa sawa na wengine siku hiyo hiyo. Kulikuwa na mashine ya tarakimu kabatini muda wote, imefungiwa.

Haya mambo nayaharakisha kwa sababu idadi ya wanafunzi wa Kimaasai itaongezeka, na ni jambo jema. Msomera pale Handeni tangu 2022 imepokea familia zilizotoka Ngorongoro, watoto wako shule, muda si mrefu wataanza kuomba vyuo vya afya vya mkoa huu. Wataingia. Kuingia sio tatizo tena. Huo msemo wetu wa Tanga wa waja leo waondoka leo tuwaachie watalii wa mapango ya Amboni.

Nimalizie na kinachowezekana bila kusubiri bajeti ya mtu. Tanga hii imejaa manesi wastaafu, tuko Chumbageni, tuko Mabawa, tuko Duga, tunakutana misibani na kwenye vikoba tunasimuliana wodi zilivyokuwa, miguu inauma ila macho na midomo mizima. Chuo chochote kiandike majina ya wanafunzi wake walioko peke yao, watano, sita, hawatazidi sana, kila mmoja tumgawane. Mie nishachukua mmoja tayari hata kabla hamjajibu, ni yule wa kwenye daladala. Nimeulizia mpaka nimepata namba ya kaka yake, nimepiga, yuko nyumbani anachunga. Kuna njia ya kuomba kurudia mwaka na kaka yake alikuwa hajui kama ipo. Fomu nimeichukua juzi, kuna sehemu inataka sahihi ya mkufunzi, na mkufunzi kasema nirudi Jumatano.

Ndimi,
Bibi Nesi
Makorora, Tanga